Ila Iliyofichwa Humwendea Nani?

Wapo watu wadhanio ya kuwa mambo ya haki na dhuluma ni mambo ya mahakama na ya wakubwa tu. Mtu wa kawaida, husema, hana nafasi ya kumdhulumu mwenziwe: hana cheo, hana watumishi, hana mali ya kutosha. Lakini kila mtu huuza, na kila mtu hununua. Hata mama aketiye sokoni na mafungu yake ya vitunguu ana nafasi ya kuweka vilivyooza chini na vizuri juu. Kwa hiyo leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo la siku zote, nalo ni kununua pikipiki iliyokwisha tumika na iliyokwisha pata ajali. Ukilitazama kwa mbali ni jambo dogo. Lakini ndani yake limo swali ambalo wenye hekima wamelijadili kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Mpwa wangu mmoja hukaa Singida mjini, na kazi yake ni kuchukua abiria kwa pikipiki, kazi ambayo sote twaiita bodaboda. Pikipiki si yake. Kila jioni humpelekea mwenyewe hesabu ya shilingi 7,000, iwe siku ya abiria wengi au siku ya kukaa bure kijiweni. Siku moja alishika kalamu akapiga hesabu: katika siku 300 za kazi alikuwa amemlipa mwenye pikipiki shilingi 2,100,000, na yeye bado hana hata gurudumu moja lililo lake. Tangu siku ile akaanza kuweka akiba. Mama yake, huko Ilongero, akauza alizeti yake akamwongezea, na baada ya muda alikuwa na shilingi 900,000. Dukani aliambiwa ya kuwa pikipiki mpya ya namna aliyoitaka ni zaidi ya shilingi 2,500,000.

Ndipo alipopata habari ya mzee mmoja wa upande wa Ikungi aliyekuwa akiuza pikipiki kwa shilingi 850,000. Injini ilikuwa nzuri, matairi mazuri, kadi ya usajili ipo, na namba za injini na za fremu zapatana na kadi. Mzee alimwambia, "Ilianguka kidogo, mwanangu, ikachubuka. Tumeipaka rangi." Kijana akaomba siku tatu za kufikiri, akaja kwangu.

"Mjomba," akasema, "ninunue au nisinunue?"

Nilimjibu kama mjomba yeyote angalivyojibu, kwamba asitoe fedha yake kabla fundi hajaiona. Basi akaenda na fundi.

Fundi yule hakuwa na haraka. Alisimama nyuma ya pikipiki akatazama kama gurudumu la mbele lafuata mstari wa gurudumu la nyuma. Akanyosha uzi kutoka tairi hadi tairi ili apate hakika. Akaisimamisha juu ya stendi ya kati, akashika shokapu za mbele kwa mikono miwili, akazisukuma mbele na nyuma apate kujua kama zinacheza. Akaiwasha injini ikiwa baridi, akatazama moshi. Hapakuwa na moshi wa buluu, maana yake injini haili oili. Mwisho akafungua tangi la mafuta, akapitisha kidole juu ya rangi mpya iliyokuwa katika shingo ya fremu, pale usukani unapoungana na mwili wa pikipiki. Chini ya rangi palikuwa na mshono wa kuchomelea, mrefu kama kidole chake. Fremu ilikuwa imekatika, ikaungwa, ikapakwa rangi.

"Kijana," fundi akasema, "kichwa chote cha pikipiki kinategemea shingo hii. Bomba likichomelewa hovyo, moto hukidhoofisha chuma kando ya mshono. Kisha mtikisiko wa barabara za vumbi huanzisha ufa mdogo, na ufa hukua chini ya rangi pasipo mtu kuuona. Waweza kuiendesha mwezi, waweza kuiendesha mwaka. Lakini siku utakapofunga breki kwa nguvu, nawe una mtu nyuma, uzito wote utakuja mbele. Hapo ndipo itakapokatika."

Hapo swali la mpwa wangu likageuka. Kwanza lilikuwa swali la fedha: kitu hiki chastahili bei hii? Sasa lilikuwa swali la namna nyingine kabisa, na yeye mwenyewe alilitambua, kwa kuwa usiku ule alirudi kwangu na maneno haya: "Mjomba, nikienda kumwambia mzee kwamba nimeiona ila, atashusha bei mpaka 500,000. Mimi nitakuwa naijua, yeye atakuwa ameisema, na sote wawili tutakuwa tumeridhika. Je, kosa liko wapi?"

Twawaomba wasomaji wasilidharau swali hili. Ni swali la kijana mwenye akili aliyechoka kumfanyia kazi mtu mwingine. Tulijibu polepole, tukianza na muuzaji, kisha mnunuzi, kisha yule mtu wa tatu ambaye hakuwapo walipokuwa wakipatana bei.

Tuanze na muuzaji. Je, mtu auzaye kitu yampasa kuzisema ila zake? Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasheria na msemaji mashuhuri wa Roma, alimwandikia mwanawe kitabu juu ya wajibu wa mtu. Humo alieleza habari ya mfanya biashara aliyetoka Aleksandria na shehena ya nafaka, akafika kisiwa cha Rodo wakati wa njaa. Yeye peke yake ajua ya kuwa merikebu nyingine nyingi zenye nafaka ziko njiani. Je, awaambie watu wa Rodo, na bei ishuke, ama anyamaze auze kwa bei ya njaa? Tena akaeleza habari ya mtu auzaye nyumba ambayo yeye pekee ajua kuwa mbao zake ni mbovu na vyumba vyake vina wadudu wabaya. Cicero asema ya kwamba wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipatro, walihitilafiana juu ya mambo haya. Diogenes alishikilia kuwa kunyamaza si kuficha. Muuzaji aseme yale tu ambayo sheria yamlazimisha kuyasema, na mengine asidanganye. Antipatro alishikilia kuwa mwanadamu amewekwa duniani kwa faida ya wenzake, wala hana ruhusa ya kuwanyima habari wanayoihitaji. Cicero mwenyewe alimwelekea Antipatro. Alisema ya kuwa mtu anyamazaye kwa kusudi kwamba mwenziwe asijue, ili yeye apate faida, huyo hanyamazi tu, huyo anaficha.

Miaka zaidi ya elfu na mia mbili baadaye, Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilishika swali lile lile, akalipambanua kwa busara kubwa. Kama ila yaonekana wazi, alifundisha, kwa mfano farasi mwenye jicho moja, muuzaji hana lazima ya kuitangaza, mradi tu apunguze bei kwa kadiri ya ila ile. Lakini kama ila imefichika, nayo yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, basi muuzaji hana budi kuisema; asipoisema, biashara yake ni ya hila. Alitoa mifano ya farasi kilema auzwaye kama mwenye mbio, nyumba iliyo karibu kuanguka iuzwayo kama imara, na chakula kilichoharibika kiuzwacho kama kizuri. Habari ya nafaka aliiamua kwa upole zaidi: mfanya biashara hatendi kinyume cha haki akinyamaza juu ya merikebu zijazo, ingawa akisema atakuwa ametenda wema ulio mkubwa zaidi. Tazama jinsi alivyotenga. Bei ya kesho ni neno moja, mbao mbovu ni neno jingine. Mwenye kununua nafaka kwa bei kubwa hupoteza fedha. Mwenye kulala chini ya dari bovu hupoteza maisha.

Ndugu zetu Waislamu nao, tangu karne nyingi, wana kanuni katika sheria yao ya biashara kwamba mnunuzi akigundua ila iliyokuwamo katika kitu kabla hajakinunua, naye hakuambiwa, ana hiari ya kukirudisha. Na katika Kiarabu ila hiyo huitwa kwa neno ambalo sisi Waswahili tumelipokea kwa maana nyingine kidogo: neno hilo ni aibu. Kwao maana yake ya kwanza ni kasoro ya kitu. Kwetu limekuwa ni fedheha ya mtu. Ni kama kwamba lugha yenyewe imeshuhudia jinsi kasoro ya kitu, ikifichwa, inavyogeuka kuwa fedheha ya mwenye kuificha.

Sheria ya nchi yetu juu ya uuzaji wa bidhaa, ambayo asili yake ni sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, huanza kwa kumwachia mnunuzi kazi ya kujihadhari, kisha huweka masharti ya kumlinda katika mambo kadha wa kadha. Lakini mtu mwema haishi kwa kuuliza tu ni wapi sheria itamshika. Muuzaji asemaye "ilianguka kidogo", naye ajua kuwa shingo ilikatika, hakusema uwongo mkubwa. Amesema kweli ndogo ili kweli kubwa isitafutwe. Mara nyingi namna hii ni mbaya kuliko uwongo ulio wazi, kwa maana uwongo ulio wazi humfanya mtu ashtuke, na kweli ndogo humfanya alale.

Sasa tumtazame mnunuzi. Wengi hudhani ya kuwa katika biashara muuzaji peke yake ndiye awezaye kukosa, na mnunuzi ni wa kuonewa tu. Sivyo. Mnunuzi naye aweza kudhulumu. Akimwona mwenziwe yumo katika shida, akaikuza ila ndogo ili ashushe bei kupita kiasi, huyo amemnyang'anya kwa mdomo. Ndivyo alivyofundisha Tomaso yule yule: ikiwa muuzaji kwa ujinga auza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi ajua, basi mnunuzi yampasa kurudisha kilichozidi. Haki ni mizani yenye visahani viwili.

Lakini mpwa wangu hakuwa na nia hiyo. Hoja yake ilikuwa nyingine, nayo ndiyo hoja ya watu wengi wa siku hizi: wawili wakijua na wakikubaliana, hakuna aliyedhulumiwa. Na kwa kweli kama angalinunua jembe lililopinda, au redio iliyopasuka, hoja yake ingalikuwa nzuri kabisa. Hasara ingalikuwa yake, na yeye ameikubali.

Pikipiki ya abiria si jembe. Ina kiti cha nyuma.

Hapa ndipo aonekanapo mtu wa tatu. Ni mama mjamzito anayeamshwa na uchungu usiku kijijini, na hapana gari, na hospitali ya Makiungu iko mbali. Ni mtoto aliyechelewa shule. Ni mzee atokaye sokoni na kuku wawili mkononi. Ni msafiri atelemkaye mlima Sekenke, kushoto jabali na kulia bonde, malori yakinguruma nyuma yake. Mtu huyu anapopandia hafungui tangi. Hanyoshi uzi kutoka tairi hadi tairi. Huuliza swali moja tu, "Shilingi ngapi?", na baada ya hapo hukabidhi mwili wake. Wawili wale waliopatana bei kwa 500,000 hawakumwuliza yeye. Ile 350,000 iliyopunguzwa haikutoweka. Imekuwa deni, na deni lile limeandikwa juu ya mgongo wa abiria, kwa wino ambao yeye hawezi kuusoma.

Wala asijidanganye mtu ya kuwa, kwa kuwa yeye alinunua kwa haki, basi ametoka katika jambo lile. Kila asubuhi atakapoegesha pikipiki ile kijiweni na kumwita abiria, atakuwa muuzaji. Atauza safari. Na safari hiyo ina ila iliyofichika, iwezayo kuleta hatari, nayo yeye anaijua. Maneno yote tuliyomwambia mzee wa Ikungi yatamrudia yeye, tena si mara moja kama mzee, bali mara kumi au ishirini kwa siku.

Katika kitabu cha Kutoka imo sheria ya kale juu ya ng'ombe mwenye kupiga pembe. Ng'ombe akimwua mtu, naye hakuwa na desturi hiyo hapo kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ilijulikana ya kuwa ng'ombe yule hupiga, na mwenyewe alikwisha onywa, wala hakumfunga, basi damu ile ni juu yake. Wafugaji wa Singida hawahitaji kufafanuliwa sheria hii. Ng'ombe ni yule yule, na pembe ni zile zile. Neno lililobadilika ni moja tu, yaani mwenyewe sasa anajua. Kujua ni mzigo. Kabla fundi hajafungua tangi, mpwa wangu angaliweza kuinunua pikipiki ile akiwa na moyo safi, na ajali ingalikuwa msiba. Baada ya tangi kufunguliwa, ajali ile ile ingalikuwa kosa lake.

Hata sheria za nchi zaelekea huko. Kanuni za mwaka 2010 juu ya leseni za usafirishaji, zilizoweka utaratibu wa pikipiki na bajaji kuchukua abiria kwa kukodi, hazikumtazama mpanda pikipiki kama mtu anayejihatarisha mwenyewe, bali kama mtu aliyebeba uhai wa mwingine. Na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hukataza kutia barabarani chombo kilicho kibovu. Lakini askari wa barabarani hutazama taa, breki, kofia ngumu na leseni. Hawezi kufungua kila tangi. Mahali ambapo jicho la askari halifiki, hapana mlinzi ila dhamiri ya mtu mmoja.

Twajua lipo jibu ambalo watu wengi watatupa, na ni jibu la kusikilizwa kwa heshima. Watasema: "Ninyi waandishi mnasema kwa urahisi. Maskini hununua vilivyokwisha vunjika, kwa kuwa vizima havimfikii. Ukimkataza kununua chenye ila, umemkataza kununua." Ni kweli. Ngazi ya maskini imetengenezwa kwa vitu vilivyotengenezwa upya. Fundi wa gereji chini ya mti, mshona viatu, mwenye kuziba sufuria, hao wote ni watu wa heshima, na kazi yao ni kukirudishia uhai kitu ambacho tajiri amekitupa. Hatusemi kamwe ya kuwa ni vibaya kununua kilichovunjika. Twasema tu kwamba ila si za namna moja, na busara ni kuzipambanua.

Ziko ila za sura: tangi lililochubuka, kioo kilichovunjika, kiti kilichochanika. Hizo ni jambo la bei. Mpatane, mpeane mikono, mwende zenu. Ziko ila za hasara: injini inayokula oili, klachi iliyochakaa, mnyororo uliolegea. Hizo zahitaji ulimi wa kweli. Muuzaji aseme, mnunuzi apime, na akinunua ajue ya kuwa atatengeneza. Tena ziko ila za hatari: shingo iliyokatika, breki isiyoshika, rimu iliyopasuka. Ila ya namna hii ya tatu haina bei. Ama hutengenezwa ikatengemaa kweli kweli, kwa fremu nyingine au rimu nyingine, ama hairudi barabarani. Kuipunguzia bei ni sawa na kuuza kisima chenye sumu kwa nusu ya thamani.

Nilipomweleza mpwa wangu haya, aliinamisha kichwa. Kisha akasema neno ambalo sikulitazamia. "Mjomba, mimi nimekwisha amua kutoinunua. Lakini kesho atakuja mwingine, asiye na fundi. Je, ninyamaze?"

Naam, hapo nilimwona ya kuwa amekuwa mtu mzima. Siku ya tatu alikwenda Ikungi, na habari ya huko alinieleza yeye mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta fedha?"

"Sikuleta, baba. Fundi alifungua tangi. Shingo ilikatika."

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Ilikatika siku mwanangu alipomgonga ng'ombe jioni, karibu na Puma. Mguu wake mpaka sasa una vyuma. Deni la hospitali ndilo linalonifanya niiuze. Sasa niambie wewe: nikisema kweli, nani atainunua? Na nisipoiuza, nitalipa kwa nini?"

Mpwa wangu hakuwa na jibu. Wala mimi sikuwa nalo aliponisimulia. Maana swali la mzee huyu ni zito kuliko swali la kijana, na ingekuwa unafiki kulipita upesi kwa methali mbili tatu. Ni kweli ya kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mzee huyu hakuficha kwa tamaa. Mtoto wake alikuwa kitandani. Alikuwa akijaribu kuokoa mguu wa mwanawe, na hakuona ya kuwa anaweka rehani shingo ya mwana wa mtu mwingine.

Hata hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mapenzi ya baba kwa mwanawe hayabadili chuma. Mshono ule haujui kama aliyeupaka rangi alikuwa mlafi au alikuwa na huzuni. Na mama atakayepandia nyuma usiku, huyo naye ni mtoto wa mtu. Twaweza kumhurumia mzee kwa moyo wote, na bado tukasema ya kuwa alikosa. Mambo haya mawili hayapigani. Huruma isiyothubutu kulitaja kosa ni ya kubembeleza tu. Na hukumu isiyo na huruma, hiyo humfundisha mtu kuficha vizuri zaidi mara nyingine.

Basi walikaa chini, yule mzee, mpwa wangu, na fundi aliyeitwa baadaye. Ikaonekana ya kuwa injini ni nzima, magurudumu ni mazima, kabureta na shokapu za nyuma ni nzima. Vitu hivyo viliuzwa kimoja kimoja kama spea, kwa watu walioambiwa vimetoka wapi. Fremu mzee aliikata mwenyewe kwa msumeno mahali pawili, ili asije mtu akaiunga tena. Fedha aliyoipata haikufika nusu ya 850,000. Deni la hospitali halikwisha. Mpwa wangu alitoa shilingi 20,000 katika akiba yake, akaomba radhi kwamba ni kidogo. Na majirani wa mzee, walipopata habari kamili kwa mara ya kwanza, wakachanga kila mtu alichojaliwa. Bado kimebaki cha kulipwa, na kinalipwa polepole.

Katika hayo twaona fundisho ambalo pengine ndilo kubwa kuliko yote. Majirani wale hawakuwa watu wabaya kabla ya hapo. Hawakuchanga kwa kuwa hawakujua; na hawakujua kwa kuwa mzee alidhani ni heshima kuificha shida yake, kama alivyoificha ila ya pikipiki. Aliichukua shida ile peke yake mpaka ikamlemea, na ilipomlemea akatafuta mtu asiyejua wa kumtwika. Ndivyo ifanyavyo ila iliyofichwa: haikai mahali ilipowekwa. Hutembea. Humtafuta yule asiye na macho ya kuiona, naye mara nyingi ni maskini kuliko aliyeificha. Lakini ila iliyosemwa hugawanyika. Huchukuliwa na wengi, kila mmoja sehemu yake, wala haimvunji mgongo mtu yeyote.

Kwa hiyo hatutaki kumaliza kwa kuwaambia wauzaji tu wawe wakweli. Ni rahisi kumhubiria maskini ukweli ikiwa gharama ya ukweli wake hatuilipi sisi. Twataka kuwaambia wote wasomao ukurasa huu: wewe unayeuza, sema, wewe unayenunua, fungua tangi, na ukiisha kujua usijifanye hujui, na wewe uliye jirani, usingoje kuombwa. Mtu wa mtaa wako au wa jumuiya yako akipata ajali, nenda ukaulize habari ya deni kabla hajaanza kutafuta rangi.

Mpwa wangu hata sasa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na kila jioni anapeleka zile 7,000. Hakupata alichokitaka, na tungekuwa waongo kusema kwamba hakuumia. Akiba yake ameianza upya. Juma lililopita alinipandisha kutoka stendi mpaka ziwa Singidani, upepo wa Singida ukitupiga usoni kama desturi yake. Njiani alifunga breki kwa ghafula, mbuzi wakivuka. Nilishika bega lake, na shingo ya pikipiki ilishika. Tuliendelea na safari yetu.